Uzi maalumu: Kabla hujalipia programu ya kuediti picha, jua utabaki na nini siku ukiacha kulipa

Fundi_Picha_Moro (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha kamera alinipigia simu. Kapata harusi yake ya kwanza, mteja katanguliza nusu ya hela, na kaamua kwamba safari hii hatumii programu ya kwenye flashi, anataka kulipia halali. Kaingia tovuti ya Adobe, kakutana na Photoshop peke yake, Lightroom, Lightroom Classic, Elements, kifurushi cha wapiga picha, kifurushi cha programu zote. Halafu kuna bei ya mwezi, bei ya mwaka, na bei ya mwaka inayolipwa kidogo kidogo kila mwezi. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani hizi si kitu kimoja?"

Swali hilo naulizwa kila mara hapa studio, nikaona bora niliandike lote mahali pamoja. Niko kwenye kazi hii tangu 2008. Wenye kujua zaidi mnirekebishe.

Kwanza tuelewe tulifikaje hapa. Photoshop ilitoka Februari 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, na kwa zaidi ya miaka ishirini ulikuwa unainunua kama unavyonunua cherehani: unalipa mara moja, chako. Matoleo yalikuwa na namba, baadaye yakaitwa CS, CS2, hadi CS6 ya mwaka 2012. Mei 2013 Adobe wakatangaza kwamba baada ya CS6 hakuna tena toleo la kununua, kuanzia hapo ni kulipia tu, wakaiita Creative Cloud. CS6 yenyewe iliendelea kuuzwa hadi Januari 2017, ikaondolewa. Lightroom nayo ikafuata: Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho iliyouzwa kwa kulipa mara moja.

Kwa hiyo mtu akikuambia anakuuzia "Photoshop 2025 ya maisha" kwa elfu themanini, ujue Adobe hawauzi kitu hicho. Ama imekrakiwa, yaani imevunjwa kinga ya leseni, ama ni nafasi kwenye akaunti ya chuo au kampuni usiyoijua, na siku mwenye akaunti akiifunga umefungiwa na wewe. Niliwahi kununua ya namna hiyo kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni. Ilidumu miezi minne, ikazima nikiwa na picha za sendofu hazijakamilika na familia inasubiri albamu. Sitaki kijana yeyote apitie usiku ule.

Sasa majina. Photoshop ni ya kushughulikia picha moja kwa kina: leya (tabaka za picha zinazopangwa juu ya nyingine), kubadilisha mandhari ya nyuma, kuunganisha picha, kutengeneza bango, kusafisha ngozi. Lightroom ni ya picha nyingi kwa mpigo: unaingiza picha 1,500 za harusi, unachambua, unarekebisha mwanga na rangi, unatoa. Mpiga picha wa harusi anaishi ndani ya Lightroom na kwenda Photoshop kwa picha chache. Vijana wengi wanalipia Photoshop kwa sababu ndilo jina wanalolijua, kumbe kazi yao haiko huko.

Kinachochanganya zaidi ni Lightroom kuwa mbili. Oktoba 2017 Adobe waliigawa. Ile ya zamani, ambayo picha zinakaa kwenye diski yako na kila ulichofanya kinaandikwa kwenye katalogi, ikaitwa Lightroom Classic. Mpya, ambayo picha zinapanda kwenye seva zao, ikachukua jina la Lightroom tupu. Piga hesabu kwa bando letu: picha 1,500 za RAW (faili ghafi kama kamera ilivyozinasa), kila moja MB 30 hivi, ni GB 45 za kupandisha kwa harusi moja. Kwa mtu wa Moro, Singida au Kigoma anayefanya harusi tatu kwa mwezi, hiyo Lightroom ya mawinguni inakula faida yote. Classic ndiyo yetu.

Bei, kwa viwango vya Marekani vya 2025 (kodi bado). Photoshop peke yake dola 22.99 kwa mwezi. Lightroom yenye nafasi ya TB 1 mawinguni dola 11.99, na siku hizi Classic imo humo humo. Kifurushi cha wapiga picha chenye TB 1 dola 19.99, ndani yake kuna Photoshop, Lightroom na Classic. Soma tena hapo: Photoshop peke yake ni ghali kuliko kifurushi chenye Photoshop ileile pamoja na Lightroom zote mbili! Ukiingia tovuti ukaandika "Photoshop" na kubonyeza cha kwanza unachokiona, kila mwezi unatoa dola tatu za bure. Kilikuwepo pia kifurushi cha GB 20 cha dola 9.99, ambacho kwa zaidi ya miaka kumi kilikuwa mkombozi wa wapiga picha wadogo. Tangu Januari 15, 2025 wateja wapya hawakipati tena. Wa zamani waliobaki nacho, anayelipa kila mwezi kapandishiwa hadi 14.99, anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo kabaki kwenye 119.88.

Halafu namna ya kulipa, na hapa ndipo watu wanapoumia. "Mwaka, unalipa kila mwezi" ni mkataba wa mwaka. Si wa mwezi. Siku 14 za kwanza unaweza kuacha ukarudishiwa hela yote. Zikipita, ukivunja unadaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Mfano kifurushi cha 19.99, umelipa miezi minne ukaacha: imebaki minane, dola 159.92, nusu yake karibu dola 80. Kwa dola ya shilingi 2,500 hiyo ni laki mbili unalipa kwa kuondoka. Juni 2024 serikali ya Marekani iliwapeleka Adobe mahakamani ikidai ada hii ilifichwa kwenye maandishi madogo. Kwa hiyo kama wewe ulipitiwa usijione mjinga, hata Wamarekani wanaosoma Kiingereza tangu kuzaliwa walipitiwa.

Sasa nirudi kwenye cherehani. Ukinunua, hata biashara ikilala miezi sita, chombo kipo ndani. Ukikodi, mwenye chombo atakuja kuchukua chake, na swali linakuwa: kitambaa kilichoshonwa nusu unakipeleka wapi? Kabla hujauliza ipi nzuri kuliko nyingine, uliza hilo. Siku nikikosa hela, picha zangu za asili ziko wapi, kazi niliyoifanya juu yake iko wapi, na nani anaweza kuifungua?

Nakaribisha maswali.

---

DadaLensi

Shukrani sana mkuu. Hapo kwenye kukodi ndipo ninapopaogopa. Nina Lightroom Classic, katalogi ina picha za miaka minne. Nikishindwa kulipa mwezi mmoja, zinapotea?

---

Fundi_Picha_Moro

Hazipotei dada yangu, tulia. Picha za asili ziko kwenye diski yako, Lightroom haijawahi kuzimeza. Classic ikikosa malipo inaendelea kufunguka: unaona katalogi yako, unatafuta picha, na unaweza kuzitoa kwa JPEG au TIFF zikiwa na marekebisho yote uliyokwisha kufanya. Kinachofungwa ni sehemu ya Develop, yaani huwezi kurekebisha tena, pamoja na ramani na kuoanisha na simu.

Ya mawinguni ni habari nyingine. Picha zako za asili ziko kwao, na ukiacha kulipa wanakutunzia kwa mwaka mmoja ili uzishushe. GB 400 kuzishusha kwa bando, hesabu mwenyewe.

Photoshop haifunguki kabisa. Faili zako za PSD, yaani faili za Photoshop zenye leya, zipo, lakini inabidi uzifungue kwa kitu kingine.

---

Mwananyamala_Pixel

Mkuu nakuheshimu, ila mnatutisha bure. Mimi natumia ya kukraki mwaka wa sita, sijawahi kulipa hata senti na wateja wangu wanafurahi. Mteja wa picha ya pasipoti ya elfu tano anajali leseni yangu? Dola ishirini kwa mwezi ni hela ya kodi ya fremu.

---

Studio_Ya_Ziwa

@Mwananyamala_Pixel kaka, nilisema hayohayo mpaka 2021. Nilipakua toleo jipya, maelekezo yakasema nizime antivairasi kwanza. Nikazima. Asubuhi faili zote zimebadilishwa majina, kila folda ina karatasi ya kudai dola. Harusi mbili zilikuwa humo, na ekstenali (diski ya nje) ilikuwa imechomekwa, nayo ikaliwa. Ile familia ya virusi vya kufunga faili na kudai hela, STOP, wengine wanaiita Djvu, ilisambaa sana kwa njia hii hii ya programu za kukraki. Harusi ya kwanza niliokoa picha chache kwa sababu kadi moja ya kamera sikuwa nimeifuta. Ya pili niliwaendea wazazi wa bi harusi nyumbani kwao, nikakaa kwenye mkeka nikawaeleza. Mama yake hakusema neno, aliinuka tu akaingia ndani. Nilirudisha hela yote, lakini siku ile hairudi.

Sikulaumu, najua kodi ya fremu ilivyo. Nakuomba tu, kama huwezi kulipia, tumia za bure za halali. Zipo na zinafanya kazi.

---

Mwananyamala_Pixel

Dah. Pole sana kaka. Hilo la ekstenali kuliwa nalo sikuwahi kulifikiria. Haya nitajieni hizo za bure, lakini zisiwe za kitoto.

---

NairobiRAW

Jambo wadau, naandika kutoka Nairobi. Za bure nazotumia kwa kazi ya kulipwa ni hizi.

Affinity. Iliundwa na Serif ya Uingereza, na Affinity Photo ilianza 2015 ikiuzwa kwa malipo ya mara moja. Machi 2024 Canva wakainunua kampuni nzima, sote tukaogopa kwamba sasa ni mwezi kwa mwezi. Oktoba 30, 2025 wakafanya jambo ambalo sikulitarajia: wakaunganisha Photo, Designer na Publisher kuwa programu moja ya Windows na Mac, wakaitoa bure. Unahitaji akaunti ya Canva, ambayo ni bure, ili kuiwasha mara ya kwanza, kisha unafanya kazi hata bila intaneti. Zile zana za akili mnemba peke yake ndizo zinazotaka ulipie Canva. Inafungua PSD, ina leya, maski, inafungua RAW, na inatoa CMYK kwa ajili ya machapisho. Waliokuwa wamenunua toleo la 2 bado wanaweza kulitumia.

darktable. Hii ndiyo ya kushindana na Lightroom Classic: inapanga picha, inarekebisha RAW, ni bure na itabaki bure kwa sababu imetengenezwa na watu wa kujitolea na msimbo wake uko wazi. Lakini kujifunza ni kazi. Mimi ilinichukua miezi miwili mpaka mkono ukazoea.

GIMP. Ilianza 1995 kwa wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Kama uliijaribu zamani ukaichukia, jaribu toleo la 3.0 lililotoka Machi 2025. Sasa unaweka filta juu ya leya na kurudi kuibadilisha baadaye bila kuharibu picha, jambo lililokuwa linatukera kwenye toleo la zamani la 2.10. RAW haifungui yenyewe, inazipitisha kwanza darktable au RawTherapee, programu nyingine ya RAW.

---

Stationari_Kwa_Bibi

Na sisi wa stationari msitusahau jamani. Dukani kwangu kuna kompyuta mbili za zamani, RAM ya GB 4. Photoshop mpya inataka GB 8 kwa uchache na wenyewe wanashauri 16, kwangu haiwezi hata kuanza. Natumia Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, husakinishi chochote, ina matangazo pembeni lakini ni bure, na ukitaka matangazo yatoke kuna malipo madogo kwa mwezi. Mteja akileta PSD ya kadi ya mwaliko inafunguka na leya zake. Tena picha hazipandi kwenye seva ya mtu, zinashughulikiwa humo humo kwenye kompyuta yako. Kwa picha za pasipoti, vitambulisho na kadi za harusi sijakwama hata siku moja.

---

Mwananyamala_Pixel

@Stationari_Kwa_Bibi hii nimeijaribu sasa hivi kwenye laptopu ya mdogo wangu. Njia za mkato ni zilezile za Photoshop! Asante mama.

---

Mzee_wa_Negativu

Vijana, nimewasoma wote. Mimi nilianzia chumba cha giza, nikaingia Photoshop 5.5, leo nina CS6 na Lightroom 6, zote nilinunua kwa hela yangu na risiti ninazo. Sijalipa tena. Kwa nini hamtaji njia hii?

Kamera yangu mpya nilipoinunua niliambiwa Lightroom 6 haitazisoma RAW zake. Kweli hazisomi. Lakini Adobe wenyewe wanatoa Adobe DNG Converter bure. Nazipitisha RAW humo zinakuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe wenyewe, nachagua ziendane na matoleo ya nyuma, Lightroom 6 inazifungua vizuri kabisa.

---

DadaLensi

Shikamoo mzee. Hiyo ya DNG sikuijua kabisa, asante.

---

Fundi_Picha_Moro

Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana na wewe kwa aliye nayo tayari. Kwa anayeanza leo haipo ya kununua kwa Adobe, ndiyo maana sikuitaja. Lightroom 6 ilipata sasisho la mwisho Desemba 2017, namba 6.14. Pia tunza kompyuta hiyo kama mboni ya jicho. Kwenye Mac, mfumo wa Catalina wa 2019 uliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, na CS6 ina vipande vya namna hiyo. Watu walibonyeza sasisho la bure la Mac, asubuhi programu waliyoilipia haifunguki.

Kuna tahadhari nyingine ya matoleo ambayo naiona hapa studio. Lightroom Classic ikipanda toleo kubwa inatengeneza katalogi mpya kutoka kwa ile ya zamani, na toleo la zamani haliwezi kuisoma hiyo mpya. Mkiwa wawili studio, mmoja kasasisha na mwingine hajasasisha, msirushiane katalogi. Na msichanganywe na namba: Photoshop 2024 ni toleo la 25, 2025 ni la 26. Ni programu moja yenye majina mawili, wala huna haja ya kulipia upya ili upate ya mwaka mpya, malipo yako yanahusu matoleo yote yanayotoka ukiwa ndani.

---

NairobiRAW

Rekebisho dogo kwa mwanzisha uzi. Ulisema Lightroom isiyo Classic ni lazima upandishe picha mawinguni. Ilikuwa hivyo. Tangu Oktoba 2023 toleo lake la kompyuta lina sehemu ya Local, unafungua folda ya diski yako na kurekebisha bila kupandisha. Haina katalogi wala nguvu zote za Classic, ila bando halitaguswa.

---

Fundi_Picha_Moro

Sahihi kabisa, nashukuru. Nimekaa Classic muda mrefu nikalipita hilo.

---

Binti_Ufuoni

Kuna anayejua Photoshop Elements? Mume wangu ananiambia hiyo hulipi kila mwezi, ni kama dola 100 mara moja tu.

---

NairobiRAW

Dada, ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Kuanzia Elements 2025, iliyotoka Oktoba 2024, unalipa mara moja lakini leseni ni ya miaka mitatu, ikiisha huwezi kuediti tena. Ni kukodi kwa miaka mitatu kwa bei ya mkupuo. Kwa picha za familia si mbaya, gawanya dola 99.99 kwa miezi 36 uone. Ila usiichukue ukidhani ni yako milele. Na Affinity ikiwa bure, mimi nisingeinunua.

Kama mtu anataka kununua mara moja kweli, DxO PhotoLab ya Wafaransa bado inauzwa hivyo. Capture One ya Denmark inauza njia zote mbili, lakini tangu 2023 ukinunua moja kwa moja, mambo mapya yanayotoka baadaye huyapati. Unabaki na toleo lilelile ulilonunua.

---

DadaLensi

Naomba kuuliza malipo. Nyinyi mnalipaje? Kadi ya benki yangu inakataa malipo ya nje.

---

NairobiRAW

Huku kwetu kuna M-PESA GlobalPay ya Safaricom tangu 2022, inakupa kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya simu.

---

Fundi_Picha_Moro

Huku pia mitandao ya simu ina kadi za mtandaoni. Tengeneza kadi, weka kiasi kinachotosha pamoja na ziada ya kodi, maana huduma za kidijitali za nje zinatozwa VAT asilimia 18 hapa Tanzania. Andika tarehe ya makato ukutani. Mwaka juzi nilisahau, kadi ikawa haina salio siku ya makato, siku chache baadaye Develop ikafungwa Ijumaa jioni nikiwa na kazi ya Jumamosi. Nililipa nikaendelea, ila roho ilikuwa juu.

Na kompyuta ya ofisi isiyoguswa na intaneti isikudanganye. Programu hizi zinahitaji kuonana na seva kila baada ya muda ili kuthibitisha leseni. Unaruhusiwa kuingia kwenye kompyuta mbili kwa akaunti moja, lakini si kutumia zote kwa wakati mmoja.

---

Studio_Ya_Ziwa

Niongeze kwenye swali la mwanzisha uzi, kazi inabakije. Nilipojenga upya nilijiwekea taratibu ambazo mpaka leo sijaziacha. Kwenye Classic nimewasha ile ya kuandika mabadiliko kwenye XMP, faili dogo linalokaa pembeni ya kila RAW. Katalogi ikifa, marekebisho hayafi nayo. Kila harusi nikimaliza natoa zilizochaguliwa kwa JPEG kubwa kabisa, na zile thelathini bora kwa TIFF, maana TIFF itafunguliwa na programu yoyote hata miaka ishirini ijayo. Halafu ekstenali mbili. Moja haichomekwi ila siku ya kunakili, na inalala nyumbani, si studio.

---

Mwananyamala_Pixel

Na ile ya kujaza nafasi kwa akili mnemba? Unaondoa mtu nyuma ya bi harusi kwa sekunde. Ndiyo kitu pekee kinachonifanya nitamani ya kulipia.

---

NairobiRAW

Hiyo ni Generative Fill, imeingia rasmi Photoshop Septemba 2023. Ni nzuri, siwezi kukudanganya. Lakini haifanyiki kwenye kompyuta yako, inafanyika kwenye seva zao, ndiyo maana kwenye programu ya kukraki hukuipata. Kila ukibonyeza inakata krediti, na idadi ya krediti inategemea kifurushi ulichochukua. Kama ni kitu chako cha kila siku, hesabu krediti kabla ya kuhesabu dola. Kama ni mtu mmoja kwa harusi, brashi ya kawaida ya kuziba kwenye Affinity inatosha.

---

KijanaWaKwanza

Wakuu, mimi ndiye kijana aliyepiga simu. Mwalimu alinitumia kiungo, nimesoma mpaka mwisho na nimekaa na kalamu.

Malipo ya harusi ni laki nne. Kifurushi cha 19.99 kwa mwaka ni karibu dola 240, pamoja na kodi inapita laki saba. Sina uhakika wa harusi ya pili, na mkataba wa mwaka sitaki kuuvunja kwa laki mbili. Nimeamua hivi: harusi hii naifanya kwa darktable na Affinity, za bure zote mbili. Nikifikisha harusi tano nitachukua ile ya 11.99 yenye Classic ndani yake, na nitalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Photoshop sitaki kwa sasa. Nimehesabu kwenye kazi zangu zote za mazoezi, nimeifungua mara tatu tu.

Swali moja mwalimu. Nikianza na darktable, nikihamia Classic baadaye, kazi niliyofanya itahama?

---

Fundi_Picha_Moro

Haitahama mwanangu. Nyota na maneno ya kutafutia picha yanaweza kusomeka, lakini marekebisho ya mwanga na rangi ya darktable, Lightroom haiyaelewi, na ya Lightroom darktable inaambulia machache. Kwa hiyo fanya anavyofanya Studio_Ya_Ziwa: kila kazi ikiisha, itoe yote kwa JPEG kubwa na bora zake kwa TIFF, RAW uzitunze zilivyo. Anza kuzoea darktable leo usiku kwa picha za mazoezi, usiifungue kwa mara ya kwanza na picha za mteja. Jumamosi asubuhi njoo studio na laptopu yako tuiweke pamoja, na uje na ekstenali mbili.